Njoni kwa Gari

Greystanes, Sydney
6 Juni 1993

Kaka yangu Salvu,

Salamu kwako, kwa wifi Glenys na kwa binti yenu Marlene. Sisi huku tunaendelea, isipokuwa mgongo wa mume wangu Vince, ambao humuuma akiinama bustanini lakini hauna neno akiinama kurusha tufe pale klabu ya Wamalta. Baridi imeingia. Mama anavaa sweta mbili na bado anasema nyumba ya mwanawe ina joto kuliko hii. Nimemwambia Melbourne ndiko kwenye baridi. Akanijibu kwamba baridi ya Melbourne haiingii ndani kwa Salvu.

Mlimau umezaa sana mwaka huu, nagawa mpaka majirani wananikwepa.

Sasa nililotaka kukuandikia. Tarehe tisa Oktoba Mama anatimiza miaka themanini. Padri amekubali kumwombea kwenye misa, na mimi nitapika timpana mbili kubwa, pai zetu za makaroni, maana ile ya dukani hataki hata kuiona. Nataka mje. Ila naomba mje kwa gari. Lile Falcon lako, siyo kigari cha Marlene. Najua hii si mara ya kwanza mimi na wewe kubishana juu ya safari hii, lakini mara hii sibishani, naomba.

Mkija mniletee na cherehani ya Mama iliyobaki kwenu. Haiwezi kupanda ndege, ni nzito kama ng'ombe.

Nijibu kwa barua.

Mdogo wako,
Tessie

St Albans, Melbourne
29 Juni 1993

Mdogo wangu Tessie,

Barua yako imefika, nimeisoma Glenys akikaanga mayai, na sote tunakusalimu. Marlene amepata kazi kwenye duka la dawa, anavaa koti jeupe na sasa kila mtu akikohoa hapa nyumbani anapewa hotuba. Mimi kazini wamenihamishia ndani. Sisambazi tena mikate, naifunga. Si kazi mbaya. Mvua hainipati.

Kuhusu Oktoba, tutakuja. Lakini tutakuja kwa ndege. Saa moja na kidogo angani, unashuka, Vince anatupokea, tumefika. Barabara ile imekuwa ndefu. Sisemi wameirefusha, ila unanielewa. Malori ni mengi mno. Halafu Glenys anataka kuyaona mawingu kwa juu, hajawahi.

Na wewe, si ndiye uliyekuwa ukiniandikia mwaka nenda mwaka rudi: Salvu, acha barabara, watu wanakufa, panda ndege kama wenzako? Haya, nimekusikia. Furahi basi.

Cherehani nitaituma kwa treni ya mizigo. Ila nauliza: wewe uliacha kushona zamani, na Mama tundu la sindano halioni. Nani anashona?

Na kwa nini hunipigii simu? Tungeyamaliza haya kwa dakika tatu.

Kaka yako,
Salvu

Greystanes
11 Julai 1993

Kaka Salvu,

Vince hajambo, Mama hajambo, mimi sijambo. Mpwa wa Vince amezaa mtoto wa kiume, kilo nne, kichwa kama cha babu yake.

Barua yako nimeirudia nikadhani Glenys ndiye aliyeiandika. Wewe na ndege? Wewe uliyekuwa ukisema abiria wa ndege ni kifurushi, kinapokelewa huku na kutolewa kule na hakijui kimepita wapi? Wewe uliyesimama njiani pale Gundagai kwenye mvua, pai mkononi, ukanipigia simu kwenye kibanda kuniambia hiyo ndiyo raha ya dunia? Siku zote tumekuwa hivi, mimi ndege, wewe gari. Sasa naona umekimbilia upande wangu na mimi nimehamia wako. Tumepishana njiani bila kuonana, sijui wapi, labda Albury pale mpakani.

Simu iko jikoni karibu na kiti cha Mama, na masikio yake unayajua. Ndiyo maana naandika.

Cherehani usiitume kwa treni, wataivunja. Na ninataka pia vipando vya mzabibu wa Baba, ule wa ua wa nyuma. Na kile kitanda cha kukunja, kama bado kipo. Vyote hivyo vinataka gari.

Kile kiti cha nyuma cha Falcon bado kipana vile? Mtu mzima anaweza kujilaza akichoka? Nauliza tu.

Tessie

St Albans
12 Agosti 1993

Tessie,

Samahani nimechelewa. Tumeugua mafua nyumba nzima, na Marlene ametutesa kwa dawa kuliko mafua yenyewe. Timu yetu ya Footscray imefungwa tena, lakini hilo si habari.

Dada, mimi sikuelewi. Vipando vya mzabibu haviruhusiwi kuvuka mpaka wa majimbo, wewe unajua, wana mapipa barabarani ya kutupia hata tofaa. Kitanda cha kukunja kilikufa zamani. Cherehani umekataa isiende kwa treni. Kwa hiyo sina mzigo wowote wa kuleta, na bado unataka nije na gari kubwa, na unaniuliza habari ya kiti cha nyuma. Nani atalala kwenye kiti cha nyuma? Glenys hukaa mbele, anashika ramani na kunipotosha.

Isitoshe gari ni bovu. Giaboksi. Fundi anasema vipuri vyake vitachukua muda.

Nilimsomea Glenys barua yako. Akaniambia, "Tessie hataki tupeleke kitu. Anataka tuchukue kitu."

Nikamwambia, "Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Dada ni wako."

Sasa nakuuliza wewe. Ni kitu gani?

Salvu

Greystanes
22 Agosti 1993

Kaka Salvu,

Salamu kwa wote. Hapa kwetu si vibaya.

Marlene alinipigia Jumatano kuniuliza ninavyopika sungura. Nikamwuliza giaboksi ya baba yake imefikia wapi. Akasema, "Giaboksi gani, shangazi? Gari ni zima, limefunikwa tu. Mama ndiye anampeleka Baba kazini asubuhi." Kisha akasema sungura wake anaungua, akakata simu.

Salvu, wewe umeshika usukani tangu ukiwa mtoto mwenye miguu isiyofika chini. Nani anakupeleka kazini? Kwa nini?

Nimekuwa nikizunguka nyumba hii sijui niwaze nini. Nimewaza umekamatwa na polisi kwa pombe. Nimewaza mmegombana na wifi. Mama ameniuliza mbona nimepika kahawa mbili na zote sijanywa.

Niandikie upesi. Mimi swali lako nitalijibu baadaye, wewe anza.

Tessie

St Albans
4 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Salamu nitazirudisha siku nyingine.

Ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka. Nilikuwa narudisha nyuma gari la mikate kwenye lango la kiwanda, jambo ambalo hulifanya huku nikipiga mluzi. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nimekaa chini kwenye lami, Mturuki mmoja tunayefanya naye kazi amenishika kichwa, gari limeingia kwenye uzio na mikate imetapakaa barabarani. Kati ya mluzi na lami hakuna kitu. Nimejaribu kukitafuta, hakipo. Mdomoni nilikuwa na damu, nilijing'ata ulimi.

Hakuumia mtu. Kila nikilala namshukuru Mungu kwa hilo, halafu nafikiria ingekuwa shule ile ya kona.

Daktari amelitaja jina la ugonjwa, nami sitaliandika hapa. Wewe ulimwona mjomba Nazju akianguka kanisani, basi inatosha. Nanywa vidonge. Imenirudia mara moja tu, sebuleni. Leseni nimeirudisha na sijui kama nitaipata tena. Watu wa kazini wamekuwa wema, lakini ninapofunga mikate nasikia magari yakiwashwa nje alfajiri na natamani kuziba masikio.

Sikukuambia kwa sababu wewe ukijua Mama atajua, na Mama akijua atanililia kama nimekwisha kufa. Na pia kwa sababu nyingine ambayo ni aibu tu. Katika ukoo wetu mimi ndiye dereva. Nikitoka hapo sijui mimi ni nani.

Baada ya barua yako ya kwanza Glenys alisema, "Nitaendesha mimi mpaka Sydney." Glenys anaendesha kwenda dukani na kurudi. Tukajaribu Jumapili moja. Kufika Kilmore lori likatupita, akapiga kelele, nami mguu wangu ukawa unakanyaga breki isiyokuwepo.

Akaniambia, "Acha kukanyaga sakafu, unanichanganya."

"Sikanyagi."

"Unakanyaga, Sal. Utaitoboa."

"Kaa kushoto."

"Niko kushoto."

"Kaa kushoto zaidi."

"Zaidi ya hapa ni shamba la mtu."

Tukageuza, tukarudi tumenuniana, kisha tulipofika nyumbani alilia na mimi nikamtengenezea chai. Ndiyo maana ndege. Naiogopa hiyo ndege, Tessie. Nyie hamjui. Mtu nisiyemwona anaendesha, na mimi nimekaa mikono mitupu.

Haya, nimeanza. Zamu yako.

Salvu

Greystanes
14 Septemba 1993

Kaka yangu mpenzi,

Nimeisomea barua yako kwenye gari, gereji, mlango umefungwa. Utaelewa kwa nini gereji. Nimelia, halafu nikacheka nilipofika pale kwenye shamba la mtu, halafu nikalia tena. Pole, kaka. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekupikia.

Sasa langu. Nilitaka mje kwa gari ili mrudi na Mama.

Nimeshaandika. Naiangalia sentensi hiyo na siamini kwamba ni mwandiko wangu. Mama si mgonjwa. Angekuwa mgonjwa ningejua la kufanya, ningemuuguza na watu wangeniona. Ana nguvu, ana akili, na tangu Baba afariki na wewe ukamleta huku kwa lile Falcon hakuna siku chakula changu kimekuwa na chumvi ya kutosha. Nikifua, kwa Salvu wanafua vizuri zaidi. Vince akikohoa anakohoa kwa dharau. Nikitoka anauliza naenda wapi, nikirudi anauliza mbona nimechelewa, nikikaa anauliza kwa nini nimekaa. Yote anayasema kwa upole, ukimsikia utasema ni mtu wa sala. Mwezi wa tano nilirudi kutoka dukani, nikaingiza gari gereji, nikazima injini, nikashindwa kushuka. Nilikaa mpaka aiskrimu ikawa maji. Tangu hapo nafanya hivyo mara nyingi. Vince anajua, anakuja kubeba mifuko tu.

Sikuweza kukuambia kwa simu naye amekaa pale. Na hata angekuwa hayupo nisingeweza. Mtu anasemaje? Mchukue mama yangu, nimemchoka?

Na ndege ndiyo hapandi kabisa. Ulikuwa hujasikia ya mwaka juzi, nilikuficha. Tulikuwa tumpeleke Brisbane kwa binamu Lina. Tukafika uwanjani vizuri, amevaa koti lake la kanisani. Walipotuita akakaa kwenye kiti, akaweka mkoba magotini, akasema, "Nendeni. Mimi nawasubiri hapa." Vince akambembeleza, binti wa ndege akambembeleza. Akampa yule binti peremende. Ndege ikaondoka bila sisi. Kwa hiyo, kaka, mimi nilikuwa na mpango mmoja tu na mpango huo ulikuwa na magurudumu manne na wewe usukani. Sasa sijui. Njoni tu kwa ndege, tule timpana, tuonane. Mengine yataendelea kama yalivyo.

Ijumaa.

Barua hii sikuwa nimeipeleka posta, naendelea. Jana nimemwambia Mama habari zako. Usinikasirikie. Aliniuliza, "Salvu ana nini? Umekuwa ukiniangalia kama nimefiwa." Nikashindwa kudanganya.

Hakulia. Alikuwa anamenya njegere. Akauliza, "Nani anamwangalia?"

"Glenys yupo, Mama."

"Glenys anafanya kazi."

"Anarudi jioni."

"Na mchana, Salvu akiwa na siku ya mapumziko, akianguka peke yake?"

Akamaliza njegere aliyokuwa ameishika, akajipangusa mikono.

"Ndege yao ya kurudi ni saa ngapi?"

"Mama, wewe hupandi ndege."

"Nani alikwambia?"

"Nilikuwepo, Mama. Brisbane."

"Brisbane kulikuwa na nini? Lina na paka wake."

Akaenda chumbani, nikasikia anaburuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Salvu, nimesimama jikoni sijui nifurahi au nivunje sahani. Miezi hii yote nimepanga, nimedanganya, nimekuomba cherehani nisiyoitaka. Kumbe kilichohitajika ni wewe kuugua. Mimi ningeugua, sijui kama angenisogelea hata hatua moja. Hapana, hilo limenitoka vibaya. Ningelifuta lakini nimeandika kwa kalamu ya wino.

Kateni tiketi tatu za kurudi.

Tessie

St Albans
25 Oktoba 1993

Mdogo wangu Tessie,

Tumefika salama na tumeanza kuzoeana. Ahsanteni kwa sherehe. Padri wenu ana sauti nzuri, na timpana yako, nasema hili Mama akiwa chumba cha pili, ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ulituacha pale lango la uwanja, hukuona yaliyofuata. Mama alikataa kukaa katikati. Alikaa dirishani, mimi katikati, Glenys pembeni. Ndege ilipoanza kukimbia nilifumba macho, na miguu yangu, Glenys ni shahidi, ikaanza kutafuta breki. Mama akanishika mkono. Akasema, "Tulia. Huyu kijana anajua kazi yake." Nikamwuliza amemwona wapi huyo rubani. Akasema hajamwona, lakini amesikia sauti yake kwenye spika na ni sauti ya mtu aliyekula vizuri.

Yeye hakuogopa hata kidogo. Alikunywa chai, akaomba biskuti nyingine, akamweleza Glenys kwamba mito ya maji kule chini ilikuwa imekaa vibaya.

Nikaona nimwulize. "Mama, kwa nini ulikataa ile ya Brisbane?"

Tulikuwa tumeshaanza kushuka.

"Kwa Lina nilikuwa napelekwa," akasema. "Kwako naenda."

Kisha akasema, na hili nimelifikiria tangu siku ile kama nikwambie au nisikwambie. Akasema, "Tessie amechoka. Nimemwona. Nilisubiri aniambie, naye akawa ananiongezea chumvi."

Nikamwambia, "Mama, ungesema wewe."

"Ningesema nini? Nifukuze?"

Basi tukagusa ardhi na watu wakaanza kusimama kabla taa ya mikanda haijazimwa.

Hapa amechukua chumba cha mbele. Asubuhi anakaa kwenye kiti jikoni na kunitazama nikinywa vidonge, mdomo wake ukihesabu. Jana nilikuwa nyumbani peke yangu naye. Nilichelewa bafuni na akaniita kila dakika, Salvu, Salvu, mpaka nikatoka na sabuni masikioni. Chakula cha Glenys hakina chumvi. Nguo, kwa Tessie zilikuwa zinafuliwa vizuri zaidi. Glenys amesikia hilo, akaniangalia, nikaangalia dari.

Kaka yako,
Salvu

Greystanes
14 Novemba 1993

Kaka Salvu,

Sote tu wazima. Vince amepaka rangi mlango wa mbele bila Mama kuwapo kumwambia rangi hiyo ni ya makaburi, na ameniuliza mara mbili kama kweli haifanani na ya makaburi.

Barua yako imenichanganya na bado sijatulia. Aliniona. Alikuwa ananiona wakati wote, na mimi nilikuwa namwona, na kati yetu njegere. Sijui kama nimkasirikie. Nikianza kumkasirikia nakumbuka alivyopita lango pale uwanjani na koti la kanisani bila kugeuka nyuma, nikasema kumbe hajali, kisha Vince akaniambia, "Hakugeuka kwa sababu alikuwa analia, hukuona mabega?" Sikuona mabega. Nilikuwa naangalia sanduku.

Wiki ya kwanza nililala kama jiwe. Ya pili nikaenda na Vince baharini Jumanne, siku ya kazi, tukala samaki wa kukaanga kwenye karatasi, hakuna aliyeniuliza mbona nimechelewa. Tulirudi mapema hata hivyo. Nilijikuta naangalia saa.

Jumapili nimepika sungura. Nikaweka chumvi, nikaonja, nikaongeza, nikasema kwa sauti, "Mama, njoo uonje." Vince alikuwa anasoma gazeti. Aliliweka chini, akaja, akaonja, akasema, "Bado kidogo," na sijui kama alikuwa anatania.

Simu yetu bado iko pale pale, na kiti hakina mtu, naweza kukupigia nikaongea lolote. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimekata kabla haijaita. Nadhani nimezoea kuandika.

Mwambie Mama sijamkumbuka. Hapana, mwambie nimemkumbuka. Au usimwambie lolote, atafikiri namwita arudi, au atafikiri simwiti. Jumapili ijayo mkitoka misani nitapiga. Mpe yeye apokee, na wewe toka jikoni.

Mdogo wako,
Tessie